Mawe ya Songea na Tunduru: Kabla Hujatoa Fedha Yako

Msomaji mpenzi, huenda hujafika Songea. Basi twende pamoja. Mji wetu umekaa juu, katika nchi ya vilima, na miezi ya Juni na Julai baridi yake huwashangaza wageni wa pwani. Hufika na mashati mepesi, na kesho yake utawaona sokoni Lizaboni wakijaribu makoti ya mitumba. Upande wa mashariki iko milima ya Matogoro, na humo ndimo unamozaliwa mto Ruvuma uliotupa jina la mkoa wetu. Mjini iko Makumbusho ya Maji Maji, mahali walipozikwa mashujaa wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ukienda magharibi kidogo utafika Peramiho, penye abasia na hospitali inayojulikana nchi nzima.

Wageni wengi huja kutazama hayo, au kununua mahindi yetu, au kupita kwenda Mbinga kwenye kahawa. Lakini wako wageni wa namna nyingine. Hao hawaulizi habari ya mahindi wala ya makumbusho. Huketi katika nyumba za wageni, huagiza chai, husubiri. Wanaulizia mawe.

Habari ya mawe haya si ya kale. Wazee wetu walilima, walifuga, walipigana vita, lakini hakuna aliyetoa mahari ya yakuti. Ni katika miaka ya mwanzo ya 1990 ndipo watu walipoanza kuokota kwa wingi vijiwe vya rangi katika mabonde ya Songea na Mbinga, na ilipofika 1994 na 1995 kelele kubwa ilikuwa imehamia Tunduru. Huko, katika mchanga wa mto Muhuwesi na vijito vyake, zilionekana yakuti za buluu, za waridi, za njano na za zambarau, pamoja na spineli, ganeti, na lile jiwe la ajabu liitwalo aleksandrite. Watu walitoka kila mkoa. Wathai na watu wa Sri Lanka walifika na mizani zao wakafungua nyumba za kununulia. Mji uliozoea kulala mapema ukawa haulali. Halafu mwaka 1998 mawe yalionekana Ilakaka, katika Madagaska, na wanunuzi wengi wakafunga mizigo wakavuka bahari. Tunduru ikabaki na wachimbaji wake na mashimo yake.

Kutoka Songea hadi Tunduru ni safari ya zaidi ya kilometa 250. Zamani, wakati wa masika, lori lilizama matopeni, abiria wakashuka kulisukuma, na hakuna aliyejua atalala wapi. Siku hizi ni lami. Unapita Namtumbo, nchi ya Wandendeule, penye tumbaku na mahindi. Halafu nchi inashuka, joto linaongezeka, miombo inakuwa mingi, na mwisho unaona mikorosho imejipanga. Hapo ujue umefika kwa Wayao, na kila kijana anayekukaribia kwa upole huenda ana kikaratasi mfukoni.

Kikaratasi hicho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Mimi ni karani wa parokia. Watu huja ofisini kwangu kuandikisha ubatizo na ndoa, kulipa zaka, kuuliza cheti kilichopotea. Lakini si mara moja wala mbili, mtu akimaliza shughuli yake hubaki amesimama, anatazama mlangoni, kisha anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Karani, wewe umesoma. Hebu nitazamie." Ndani mna jiwe. Na jiwe hilo limebebeshwa ada ya shule, au mabati ya nyumba, au mahari ya kijana.

Wanunuzi wa vito ni wa aina mbili. Wako wanaonunua ili wavae, yaani bwana arusi na pete yake, au mama mwenye akiba kidogo. Na wako wanaonunua ili wauze tena kwa faida. Naanza na hawa wa pili, kwa maana hao ndio wanaoumia sana.

Sikilizeni habari ya mzee mmoja, baba wa watoto sita, aliyeniruhusu nisimulie bila kutaja jina wala kijiji. Baada ya mavuno aliuza mahindi yake mjini, akawa na fedha taslimu. Alipokuwa akingoja gari alijiwa na kijana mpole, mwenye viatu vya vumbi, aliyesema ametoka Tunduru, mama yake ni mgonjwa, na anataka nauli na fedha ya dawa. Hakuomba sadaka, la. Alitoa jiwe jekundu, kubwa kama punje ya harage, akasema ni yakuti, na kwa shida yake angelitoa kwa milioni moja na nusu tu. Mzee akakataa. Kijana hakulazimisha. Lakini palikuwa na bwana mwingine karibu, amevaa koti, aliyesikia mazungumzo. Bwana huyo akamwita mzee pembeni, akajitaja kuwa ni mnunuzi, akampeleka nyumba ya wageni, akamwonyesha mizani na kurunzi. Akaomba wamwite kijana. Akalitazama jiwe muda mrefu, akalipima, akatikisa kichwa kama mtu aliyestaajabu. Kijana alipotoka nje, bwana yule akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, hili nitalichukua kesho kwa milioni nane. Lakini mimi siwezi kununua kwa kijana asiye na karatasi. Linunue wewe, kesho saa nne uniletee."

Mnajua mwisho wake. Kesho saa nne chumba kilikuwa kimefagiliwa, na namba ya simu haikuita. Jiwe lilikuwa kipande cha chupa nyekundu kilichosuguliwa mchangani hata kikapoteza makali yake. Binti wa mzee huyo, aliyekuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, alikaa nyumbani mwaka mzima.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu hurudiwa vilevile, kama mchezo wa kuigiza: kijana mwenye shida, bwana mwenye koti, bei ya kesho. Hubadilika mgonjwa tu. Leo ni mama, kesho ni mtoto. Basi jiulize swali moja. Tunduru kuna wanunuzi wenye leseni, wenye fedha, wenye macho yaliyozoea. Mtu mwenye yakuti ya kweli mkononi ana haja gani ya kupanda basi saa nyingi kuja kumtafuta mkulima wa mahindi? Na yule anayeahidi kununua kwa milioni nane, mbona hatoi hata elfu kumi ya arubuni? Ukikosa jibu, shika fedha yako uende zako. Usione haya. Hata usipoaga si kitu.

Haya, tuseme mwuzaji ni mkweli, naye anaamini kwamba jiwe lake ni yakuti. Bado huenda hajui. Mtoni mawe mengi hufanana. Ganeti ni nyekundu, spineli ni nyekundu, na kwa karne nyingi hata hazina za wafalme wa Ulaya zilikuwa na spineli zilizohesabiwa kuwa yakuti. Kama wafalme walipotea, seuze sisi.

Watu wetu wana majaribio yao. Wengine huliuma jiwe, wengine hulipulizia pumzi, wengine hukwaruza nalo kioo cha dirisha. Kikikwaruzika, basi wanapiga makofi. Kukwaruza kioo hakuthibitishi neno. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa ngazi kumi: almasi ni 10, yakuti 9, spineli 8, na kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu tu. Lile jiwe jeupe la kwatzi, linalojaa katika kila njia ya kijiji, lina ugumu wa 7. Nalo litakwaruza kioo vizuri kabisa. Jaribio la moto ni baya zaidi, kwani hata yakuti halisi, ikiwa na ufa ndani, yaweza kupasuka. Hapo utakuwa umeharibu mali ya mtu, na mtagombana bure.

Liko jaribio moja ninalolipenda, nami hulifanya mezani kwangu ofisini, kwa sababu halitaki elimu kubwa ila kugawanya tu. Lataka mizani ndogo ya namba kama ya sonara. Kwanza pima jiwe kavu, uandike uzito wake. Halafu weka gilasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulining'inize ndani ya maji, lizame lote, lakini lisiguse chini wala ubavu wa gilasi. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hiyo ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Sasa gawanya: uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo.

Tuchukue mfano. Jiwe lina gramu 8. Ndani ya maji mizani inaonyesha 2. Nane kwa mbili ni 4. Vema, yakuti ni 4, iwe nyekundu, ya buluu au ya njano. Jiwe la pili nalo lina gramu 8, lakini mizani inaonyesha 3.2. Ukigawanya unapata 2.5. Hiyo ni hesabu ya chupa ya kawaida. Kwatzi ni 2.65, haiko mbali. Spineli hutoa 3.6, krisoberili 3.7, turmalini kama 3.1. Mzee wangu wa mahindi angelifanya hivi, angelijua katika dakika tano. Tena kwa jiwe dogo, chini ya gramu moja, mizani yataka iwe nyepesi sana, ama sivyo hesabu itakudanganya.

Lakini msishangilie mapema. Ganeti nyingine hufika karibu na 4, na ziko chupa nzito zilizotiwa risasi. Kisha kuna yakuti za kiwandani. Mfaransa mmoja, Auguste Verneuil, alitangaza mwaka 1902 namna ya kutengeneza yakuti kwa moto mkali, na tangu siku hizo viwanda havijaacha. Jiwe hilo si chupa. Ni yakuti kwa asili yake yote, ugumu ni 9, katika maji ni 4, ila limezaliwa tanurini badala ya ardhini, na thamani yake ni ndogo mno. Hutokea vipande vyake vikavunjwa, vikasuguliwa vionekane vimeviringishwa na mto, kisha vikachanganywa na kokoto halisi. Kumbe mto wenyewe hausemi uongo, ila binadamu huutilia maneno kinywani.

Kwa hayo hukusaidii mizani, bali kioo cha kukuzia mara kumi, kile wanachotumia masonara kwa jicho moja. Jiwe la ardhini huwa na alama za makuzi yake: mistari iliyonyoka au yenye pembe, vijiwe vidogo vilivyomezwa ndani, nyuzinyuzi nyembamba kama hariri. Chupa huonyesha mapovu ya mviringo. Yakuti ya kiwandani, ile ya njia ya Verneuil, mara nyingi huwa na mistari iliyopinda kama ile ya sahani ya santuri. Na ukiambiwa kuna jiwe kubwa, jekundu sana, safi sana, halina hata doa, na bei yake ni nafuu, basi hiyo nafuu ndiyo inayotia shaka. Mungu hakuumba yakuti nyingi safi, na hao walio nazo hawana haraka.

Rangi ndiyo inayobeba bei, nayo rangi hubadilika kwa mwanga. Usinunue usiku. Usinunue chumbani chini ya taa ya manjano, kwa kuwa taa hiyo hulipamba jiwe jekundu kama bibi arusi. Toka nje asubuhi au jioni, simama kivulini, weka jiwe juu ya karatasi nyeupe. Wauzaji hufunga mawe ya buluu katika karatasi yenye ubuluu ndani. Lipindue kwenye karatasi nyeupe uone linabaki na nini. Kama jiwe limelowa au limepakwa mafuta, likaushe kwa kitambaa, kwani jiwe ghafi likiwa na maji huonekana safi, na nyufa zake hujificha.

Iko aina moja ambayo yataka mianga miwili, nayo ni aleksandrite, fahari ya Tunduru. Iligunduliwa kwanza Urusi katika milima ya Ural, miaka ya 1830, ikapewa jina la mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Tsar Alexander wa Pili. Mchana ni ya kijani, usiku mbele ya taa huwa nyekundu. Vijana hujaribu kwa tochi za simu, nalo jiwe halibadiliki, wakalitupa au wakaliuza kwa bei ya chumvi. Mwanga wa tochi nyingi za simu ni mweupe wa baridi, hauna wekundu wa kutosha. Tumieni mshumaa au kibatari. Hapo kijiji kimeishinda simu! Hata hivyo ganeti za aina fulani nazo hubadili rangi, na viwanda navyo hutengeneza yakuti inayobadilika kutoka ubuluu wa kijivu kwenda zambarau, ikauzwa kwa jina la aleksandrite. Kwa jiwe la namna hii, lenye bei kubwa, jaribio la kibatari ni la kuanzia tu, kisha cheti.

Sasa nitawapeni habari ya Songea ambayo watu wengi wa Songea wenyewe hawajaisikia. Yakuti za kwetu zilikuwa nyingi, lakini rangi zake mara nyingi zilikuwa za huzuni: kijani iliyochafuka, kahawia, zambarau ya kijivu. Wanunuzi walizichukua kwa bei ya chini. Zikaenda Thailand, katika mji wa Chanthaburi, ambako watu ni mabingwa wa kupika mawe. Kupika mawe si dhambi, msomaji. Yakuti nyingi duniani hupikwa ili rangi itakate, na tanzanite za Mirerani karibu zote hupikwa, na mnunuzi akiambiwa, biashara ni halali. Lakini mnamo 2001 mawe ya machungwa na ya waridi yenye machungwa yalianza kumiminika sokoni, rangi ambayo watu wa Sri Lanka huifananisha na ua la yungiyungi na ambayo hupatikana kwa nadra sana. Yametoka wapi mengi hivi? Mwanzoni mwa 2002 wafanyabiashara wa vito wa Marekani walitangaza tahadhari. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mawe yalikuwa yakipikwa pamoja na krisoberili, ambayo ina elementi nyepesi iitwayo beriliamu. Kwa joto la nyuzi zipatazo 1,800, joto ambalo chuma huyeyuka kabla ya kulifikia, beriliamu ilipenya ndani ya yakuti ikabadili rangi yake. Na katika mawe yaliyotumika sana yalikuwamo ya Songea.

Waliokuwa wamenunua kwa bei ya jiwe adimu walibaki na jiwe la kawaida lililotiwa rangi. Katika mawe mengine rangi ilikuwa ganda la nje tu, kama ganda la chungwa. Fundi akilikata upya, rangi inakwenda na vumbi. Jambo hili halionekani kwa jicho, wala kwa gilasi ya maji. Lataka maabara. Basi ukiuziwa yakuti ya machungwa iliyokwisha kukatwa, na mwuzaji akakuapia kuwa ni ya Songea na haijapikwa, mwulize cheti cha maabara kiko wapi. Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Hapa nchini tuna Kituo cha Jemolojia, Arusha, mahali panapofundishwa kazi ya kutambua na kukata vito, na vijana wetu wa Ruvuma wangefanya vizuri kwenda kujifunza huko kuliko kushinda shimoni.

Kuhusu uzito, kumbukeni kwamba jiwe ghafi huuzwa kwa gramu, lakini jiwe lililokatwa huuzwa kwa karati. Karati 5 ni gramu 1. Watu huchanganya makusudi. Mwuzaji anataja bei ya karati, wewe unafikiri ya gramu, na mnapofikia kulipa imezidi mara tano. Tena jiwe ghafi likikatwa hupoteza mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake. Kwa hiyo mtu akikupigia hesabu ya faida kana kwamba gramu zote zitafika sokoni, anakuhesabia hewa.

Tuje kwa bwana arusi. Huyu hahitaji biashara, anahitaji pete. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku na mke anayelima, kufua na kusugua masufuria, ugumu ni jambo la kwanza. Vumbi letu limejaa kwatzi, yenye ugumu wa 7, na jiwe lolote lililo chini ya hapo litachakaa, likafifia kama kioo cha saa ya babu. Tanzanite, iliyoonekana Mirerani mwaka 1967 na kuipatia nchi yetu sifa, ni jiwe zuri mno, lakini ni ya 6 hadi 7, tena hupasuka ikigongwa. Ifae hereni au mkufu wa sikukuu. Kwa kidole chenye jembe, bora yakuti ndogo, au spineli, hata kama rangi yake si ya kushangaza. Ukubwa usikutie tamaa.

Kabla ya kulipa, liweke jiwe lililokatwa juu ya gazeti hili, uso wake juu. Kama unaweza kusoma herufi kupitia katikati ya jiwe, limekatwa jembamba mno; mwanga unapita chini badala ya kurudi machoni, na hapo katikati patakuwa pamefifia daima. Na ziko yakuti nyekundu za bei rahisi, zilizoenea madukani tangu 2004 hivi, ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi. Zikigeuzwageuzwa huonyesha mwako wa buluu ndani. Sonara akiweka moto kutengeneza pete, kioo kinatoka. Hata maji ya ndimu hukila. Mama akiisafisha pete yake kwa ndimu kama anavyosafisha sufuria, baada ya muda atakuta jiwe limejaa mistari myeupe.

Nimebakiza habari ya sheria. Wengi wetu tunadhani kwamba jiwe lililookotwa shambani ni la mwenye shamba. Sivyo. Shamba ni lako, madini ni mali ya taifa, na kwa Sheria ya Madini ya 2010 pamoja na marekebisho yake, kuchimba kunahitaji leseni na kununua ili kuuza kunahitaji leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hudumu miaka 7, hupewa Watanzania. Na wanunuzi wana leseni zao, nyingine kubwa, nyingine ndogo za madalali. Kwa hiyo mzee wangu wa mahindi, hata kama jiwe lingekuwa yakuti kweli, angekuwa amevunja sheria kwa kulinunua ili alipeleke kwa bwana wa koti. Matapeli hulijua jambo hili vizuri. Ndiyo maana wanaotapeliwa hawaendi polisi. Wanaogopa kuulizwa nao.

Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini katika mikoa, na Tunduru nako kuna soko. Mchimbaji huleta jiwe, maofisa wa Tume ya Madini hulipima na kulithamini, mnunuzi mwenye leseni hulipa, na mrabaha pamoja na ada ya ukaguzi hukatwa mbele ya macho ya watu. Wachimbaji wengine hulalamika juu ya makato, nami siwezi kusema wanalia bure, maana asilimia 6 ya mrabaha ni fedha kwa mtu aliyekaa mtoni miezi mitatu bila kupata kitu. Lakini nimeona pia wanaokwepa soko. Huuza gizani kwa bei wanayopangiwa na mtu mwenye gari, nao hawana pa kulinganishia. Katika hao wawili, mimi ningesimama na wa kwanza.

Ukipita Tunduru usiishie mjini kwenye mizani. Nenda uone mito. Utaona vijana wamesimama majini hata kiunoni, wanazungusha chekecheke, na kando yake mashimo yaliyoachwa wazi, yamejaa maji ya mvua, bila ua wala alama. Ng'ombe hutumbukia humo, na watoto pia. Na jumatatu asubuhi utawakuta huko watoto ambao walipaswa kuwa darasani, wanaokotaokota katika kokoto zilizokwisha kuchujwa na wakubwa. Mnunuzi anayefika na kumlipa mtoto wa miaka kumi na miwili elfu mbili kwa jiwe, hata jiwe liwe halisi kiasi gani, amenunua na siku zake za shule.

Nawe uliyeokota jiwe shambani, au uliyerithi moja katika kisanduku cha marehemu, usilitupe na usiliuze njiani. Lioshe kwa maji na sabuni, lifunge katika karatasi nyeupe, uandike mahali na siku ulipolipata. Lipeleke katika ofisi ya madini ya mkoa, Songea mjini, au sokoni Tunduru, uliza kwanza ni jiwe gani, ndipo uulize bei. Nenda na mtu wa pili mnayeaminiana. Na kama umenunua pete kwa sonara, hakikisha stakabadhi imeandikwa jina la jiwe, uzito wake kwa karati, kama ni la ardhini au la kiwandani, na kama limepikwa; chini yake sahihi, tarehe na namba ya duka. Sonara anayeandika "jiwe jekundu, moja" mrudishie kalamu aandike upya.